Usiwashe Kabla Sijafika

0

Naanza na sifuri kwa sababu taa hizi ndivyo zinavyohesabiwa. Mkanda mmoja, taa mia tatu, kila taa na namba yake. Ya kwanza ni sifuri, ya mwisho ni mia mbili tisini na tisa. Ukiiamuru taa kwa namba yake inaitika peke yake, nyingine zinabaki kimya. Sitakupitisha kwenye zote. Nyingi hazina la kusema.

Mimi naitwa Anangisye, fundi umeme, hapa Tukuyu. Niliufunga msalaba wa taa kwenye kanisa letu, ukutani, nyuma ya madhabahu. Ulitakiwa uwe mweupe wote. Kichwa cheupe, mikono myeupe, lakini mguu wake umekuwa mwekundu, na watu wanasema ni damu.

Mimi najua kwa nini ni mwekundu.

Dada yangu Tusekile anakuja kuutazama kila siku, na hajui. Nikimweleza sababu ya huo wekundu, itabidi nimweleze na lile jingine. Ndiyo maana sijamweleza.


1

OFISI YA KATIBU WA KANISA
TANGAZO KWA WAUMINI NA WAGENI
YAH: UTARATIBU WA KUTAZAMA MSALABA

(a) Wote wataingia kwa mlango wa kushoto na kutoka kwa mlango wa kulia.
(b) Ni marufuku kuugusa msalaba, kuupangusa kwa leso, au kubandika picha za wagonjwa ukutani.
(c) Mchanga wa chini ya msalaba usichotwe. Sakafu imeanza kuchimbika.
(d) Msalaba utawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni, kila siku, hadi itakapotangazwa vinginevyo.
(e) Kiti cha pembeni, safu ya tatu, ni cha Mama Bupe. Asisumbuliwe.

Wenu katika utumishi,
Katibu


4

Yaliyosikika mlangoni, Jumapili, baada ya ibada ya kwanza:

— Jana ulikuwa umefika hapa. Leo umepanda.

— Mimi nimetoka Kyela na gari la saa kumi na moja alfajiri. Nimeuona. Basi, nimeuona.

— Ulianza palepale jeneza lilipowekwa. Palepale. Nilikuwa nimesimama na kwaya.

— Yule binti alikuwa anaimba mwisho wa mstari, upande huu wa mguu.

— Fundi kaweka nyaya za ovyo, nyie mnasema damu.

— Mzee Mwaikenda, nenda nyumbani ukapumzike.


17

Wewe unayesoma, sikiliza, haichukui muda.

Nyeupe ya taa hizi si nyeupe. Ndani ya kila kitaa kuna vitatu vidogo: chekundu, cha kijani, cha bluu. Vikiwaka pamoja, jicho linaona nyeupe. Sasa, umeme nimeuingiza kichwani tu. Unashuka, unazunguka mkono wa kushoto, unarudi, mkono wa kulia, unarudi, ndipo unateremka mguuni. Kila taa njiani inachota chake. Nilipima kwa mita: kichwani volti tano, katikati nne na kidogo, mguuni tatu hazifiki.

Kwa umeme mdogo hivyo, bluu inazima kwanza. Kijani inafuata. Nyekundu haihitaji umeme mwingi.

Inabaki.

Dawa yake kila fundi anaijua. Unavuta waya wa pili kutoka kwenye saplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti tano, unaulisha mguu kutoka chini. Mguu unakuwa mweupe papo hapo. Kazi ya nusu saa, ukiwa na waya mnene wa mita sita.


18

Ukiwa na waya.


23

Bupe alikuwa binti wa pekee wa dada yangu, umri wake miaka ishirini na mitatu. Alikuwa anauza kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi, na kwenye kwaya aliimba sauti ya kwanza. Waya hakuwa anaupima kwa rula ya mezani kama wenzake. Aliupima kwa mikono, kifuani hadi ncha ya vidole, na kila akimaliza kunipimia mimi aliongeza shubiri moja juu, anasema hii ni ya mjomba, mjomba hukata vibaya. Ni kweli, hukata vibaya.

Niliponunua mkanda wa msalaba nilimwonyesha kwanza yeye. Akauliza kwa nini kila taa ina namba. Nikamwambia ili niweze kuziita mojamoja. Akasema hata kwaya ingekuwa hivyo, mwalimu angepumzika.


31

Jumamosi, wiki ya Sikukuu ya Mavuno. Kutoka kwenye simu yangu. Sijafuta.

MIMI (6:10 mchana): Bupe ukifunga duka njoo na waya wa mguu. Mita sita, ule mnene, mwekundu na mweusi
BUPE (6:12): Mvua hii mjomba?
MIMI (6:12): Panda boda. Nipo juu ya ngazi nakusubiri
BUPE (6:15): Haya. Usiwashe kabla sijafika. Nataka niuone ukiwaka mara ya kwanza
MIMI (6:15): Siwashi
MIMI (7:20): Umefika wapi
MIMI (7:48): Bupe
MIMI (8:05): Bup


32

Hilo ndilo lile jingine.


40

Nilikaa juu ya ngazi hadi saa nane na nusu. Nilikuwa nimekasirika, nakiri. Nilijisemea watoto wa siku hizi ukiwatuma wanapita kwa mashoga zao. Mguu nilikuwa nimeuacha wazi, ncha mbili zimemenywa tayari kupokea waya. Ndipo Katibu akaingia, hana mwavuli, akaniambia nishuke kwanza.


41

Nikashuka.


58

Jumanne tulimzika. Mchungaji aliomba msalaba uwashwe kwa ajili ya ibada, akasema Bupe angependa. Sikuweza kumwambia kwamba Bupe ndiye aliyenikataza. Nilienda ukutani, nikabonyeza swichi, sikugeuka kutazama.

Niliusikia mguno ukianzia safu za nyuma. Kisha mtu akalia kwa sauti, kisha wengi. Nilipogeuka, kichwa kilikuwa kinang'aa na mguu ulikuwa mwekundu, juu ya jeneza la mpwa wangu, pale hasa ambapo waya wake haukufika.

Dada yangu aliinuka. Tangu Jumamosi hakuwa amesimama bila kushikwa. Alisimama mwenyewe, akautazama, na usiku ule, wanasema, ndipo alipokula ugali kwa mara ya kwanza.

Sasa niambie wewe. Ungesema nini?


77

KUTAFUTA HITILAFU
(nimeandika mwenyewe nyuma ya kalenda, nisije nikajidanganya)

Dalili: mwisho wa mkanda ni mwekundu.
Sababu: umeme unapungua njiani.
Dawa: lisha upande wa pili.

Dalili: kiunganishi cha kichwani kimekuwa cha kahawia, kinanuka plastiki.
Sababu: umeme wa taa mia tatu unapita kwenye pini mbili nyembamba.
Dawa: lisha upande wa pili.

Dalili: mkanda wenyewe ni wa moto, kidole hakikai.
Sababu: umebandikwa kwenye jipsamu badala ya alumini. Nyuma ya jipsamu kuna mbao kavu. Pembeni kuna pazia la zambarau. Unawaka saa tisa kwa siku, mwangaza wa mwisho.
Dawa: punguza mwangaza. Weka fyuzi. Lisha upande wa pili.

Dalili: fundi hasemi.
Sababu:


90

Kwa Katibu wa Kanisa.

Ndugu, napenda kukujulisha kwamba msalaba una hitilafu ya joto kichwani na unaweza kushika moto. Naomba uzimwe hadi nitakapourekebisha. Matokeo ya marekebisho ni kwamba mguu utakuwa mweupe.

Anangisye Mwakalobo, fundi.


91

Kwa Fundi.

Barua yako imepokelewa na kusomwa mbele ya kamati. Kuhusu joto, wazee watatu wameugusa ukuta na kuthibitisha kwamba ni wa moto, na wamefarijika. Kuhusu mguu kuwa mweupe, kamati inauliza: kwa faida ya nani? Suala hili limeahirishwa. Aidha unakumbushwa kipengele (b) cha tangazo.

Katibu


112

Siku moja nilipunguza mwangaza bila kumwambia mtu. Alhamisi, mchana, kanisani mna watu saba. Nilikaa nyuma na simu mkononi, kwa sababu kifaa cha kuziamuru taa kinasikia simu yangu, nikashusha kidogokidogo hadi theluthi. Taa zikiwaka kidogo zinachota kidogo, kwa hiyo umeme ukawa unafika mguuni. Wekundu ukaanza kupauka. Ukawa wa chungwa. Ukawa wa manjano.

Kwenye safu ya tatu dada yangu aliinamisha kichwa, polepole, akafunika uso kwa kitenge.

Nikarudisha.

Alipopita mlangoni akaniuliza kama nimeugusa msalaba. Nikasema hapana. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, nikamdanganya dada yangu aliyenibeba mgongoni, kanisani, saa saba mchana.


130

TUSEKILE

Wananiita Mama Bupe, nami naitika. Nakaa safu ya tatu. Wageni wananiombea, wengine wananigusa bega kama vile mimi nami ni sehemu ya huo msalaba. Wanadhani nasali. Siku nyingine nasali kweli. Siku nyingine namtazama mdogo wangu akiingia na ngazi yake, anapanda, ananusa kichwani kwa msalaba, anashuka, anakunja ngazi, ananisalimia, anaondoka.

Toka akiwa mtoto alikuwa hivyo. Akivunja kitu hasemi. Anakizungukazunguka.

Basi namsubiri amalize kuzunguka.


155

Kuna njia nyingine, na nimeijaribu nyumbani, kwenye kipande cha mkanda wa kazi nyingine, juu ya meza ya chakula.

Taa hizi zina namba. Naweza kuulisha mguu ipasavyo, joto likaisha, hatari ikaisha, halafu nikaziamuru taa za mwisho ziwe nyekundu. Kwa amri. Kuanzia mia mbili arobaini hadi mwisho, nyekundu, milele. Hakuna atakayejua. Dada ataendelea kula. Wa Kyela wataendelea kuja. Mchungaji ataendelea kuhubiri.

Niliandika amri hiyo. Ilitii mara moja.

Mke wangu alipita na sahani, akasema hiyo nyekundu inapendeza, ya nini? Nikamwambia ya kazi. Kisha nikaifuta. Ile ya kanisani ni hitilafu, lakini hakuna mtu aliyeitengeneza ili mwingine aamini. Ilitokea kwa sababu Bupe hakufika. Hii ingekuwa yangu.


156

Ningekuwa namdanganya kwa namba.


188

POLISI: HATI YA KUKABIDHI VITU VYA MAREHEMU

Chanzo cha ajali: pikipiki kuteleza kwenye kona kutokana na mvua. Dereva ameumia mguu. Abiria, mwanamke, miaka 23, alifariki njiani akipelekwa hospitali.

Vitu vilivyokutwa:
Begi dogo la mgongoni, moja
Simu, moja, kioo kimepasuka
Kitabu cha nyimbo, kimoja, kimelowa
Waya wa umeme, bando moja
Kanga, moja

Vimekabidhiwa kwa: mama wa marehemu.
Shahidi: A. Mwakalobo


189

Hiyo sahihi ni yangu. Siku ile niliweka bila kusoma, macho yalikuwa hayaoni. Nakala nimeikuta jana kwenye mfuko wa koti la msiba, nikaisoma nimesimama.

Bando moja.

Kwa hiyo waya upo. Miezi miwili nauona mguu ule ukilia njaa, moyo ukinikatalia kununua waya mwingine, na waya wake upo nyumbani kwa dada yangu, ndani ya begi, na yeye hajui ulikuwa wa nini.


240

Hapa ndipo wekundu unapoanza.


251

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua. Kanisa lilikuwa limefungiwa wageni kwa ajili ya usafi, lakini Katibu hausahau msalaba, ulikuwa unawaka. Nilikuja na ngazi na uamuzi: nizime, ning'oe kiunganishi, waniite wanavyotaka. Harufu ya plastiki niliikuta mlangoni.

Dada alikuwa kwenye kiti chake. Miguuni kwake palikuwa na begi dogo la mgongoni, la bluu.

Nilimsalimia. Alifungua zipu, akatoa bando la waya, mwekundu na mweusi, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Bupe alikuwa akifunga hivyo, hakupenda mifuko ya plastiki. Akaliweka magotini.

"Mdogo wangu," akasema, "huu ulikuwa wa nini?"


252

Ulikuwa


253

Ulikuwa wa


254

"Ulikuwa wa mguu, dada. Mimi ndiye niliyemwita. Aliniambia kuna mvua, nikamwambia apande boda."

Niliketi kiti cha mbele yake, nikamgeukia. Nilieleza yote, sikumbuki kwa mpangilio gani. Volti, ngazi, saa nane na nusu, hasira yangu. Kwamba wekundu ule si damu. Kwamba nyekundu hubaki tu kwa sababu haihitaji umeme mwingi. Nililia, na niliona aibu kulia mbele ya mtu mwenye haki ya kulia kuliko mimi.

Alisubiri nimalize.

"Simu yake niliifungua siku ya arobaini," akasema. "Nimeyasoma mliyoandikiana."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, kwa sauti ileile aliyoniamuru nayo utotoni nikanawe mikono, kwamba halikuwa lake kusema, lilikuwa langu. Kila siku alikuja akae pale anione nikipanda ngazi, akitumaini nikishuka nitasema. Siku niliyopausha mguu alijua ni mimi, aliiona simu mkononi mwangu. Alifunika uso kwa sababu nilikuwa nimeanza kuuondoa wekundu na bado nilikuwa sijasema.

Nikauliza, basi, damu je? Hakuwahi kuamini?

Alilipapasa lile bando. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Siku ya mazishi niliamini," akasema. "Nilipoisoma simu nikaacha. Halafu nikajua palepale penye wekundu ndipo waya wake ungefika. Sasa sijui niiteje hiyo. Wewe fundi, unaiitaje?"

 


260

"Alikwambia usiwashe kabla hajafika."

"Ndiyo."

"Ukawasha."

"Ndiyo, dada."

Akanyoosha mkono na bando.

"Waya umefika. Fanya kazi yako."


271

Niliufungua sakafuni, nikaupima, ni mazoea. Mita sita.

Na shubiri.


288

TAA YA MIA MBILI TISINI NA TISA

Mimi ndiye wa mwisho. Kinachonifikia ni kile walichobakiza wengine. Sijui kanisa, sijui Kyela. Bluu yangu sijawahi kuiwasha. Ipo.


295

Nipo juu ya ngazi. Upande mmoja wa waya nimeshaufunga kwenye saplai. Ncha za upande wa pili nimezimenya, ziko mkononi, karibu na mguu kiasi kwamba vidole vyangu navyo ni vyekundu. Kuunganisha lazima umeme uzimwe kwanza, kwa hiyo nimemwomba dada asimame ukutani penye swichi. Nikimwambia zima, azime. Nikimwambia washa, awashe.

Kesho Jumapili wataingia kwa mlango wa kushoto. Katibu ataita kikao. Wa Kyela watauliza damu imekwenda wapi, na mzee Mwaikenda atasema alisema. Hayo nitayajibu.


296

"Dada, zima."


297

Ana mkono kwenye swichi. Hatazami swichi. Anautazama mguu.

Kiunganishi kinanuka juu ya kichwa changu.


298

"Ngoja kidogo," anasema. "Niutazame mara ya mwisho."


299

Nangoja